Fangasi wa Miguu, Ugonjwa Uliokuja na Kiatu

Aldo Castellani, daktari kijana mzaliwa wa Firenze, Italia, alifika Entebbe mwaka 1902 pamoja na tume iliyotumwa na Royal Society ya London. Malale yalikuwa yakiwamaliza watu kando ya Ziwa Viktoria, na tume ilitakiwa ieleze kinachowaua. Castellani aliona vimelea vya tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Ugunduzi huo ulimpa jina, ukampa na ugomvi wa miaka mingi na wenzake kuhusu nani astahili sifa. Mwaka uliofuata aliondoka Uganda, akaenda kufanya kazi Colombo, katika kisiwa cha Sri Lanka ya leo, na mwaka 1910 akaeleza fangasi mmoja wa ngozi ambaye akioteshwa maabara huonyesha wekundu kwa upande wa chini. Fangasi huyo leo anaitwa Trichophyton rubrum. Hakuna aliyegombania sifa zake. Hata hivyo, ndiye anayeongoza duniani kwa kuharibu ngozi ya miguu ya watu.

Ndugu wasikilizaji, la ajabu ni kwamba fangasi huyu hakuanzia miguuni. Wanaochunguza historia ya magonjwa ya ngozi wanaelekeza asili yake Afrika Magharibi na Asia ya Kusini Mashariki, ambako kwa wenyeji alikuwa choa tu, ya kiwiliwili au ya kinena. Waliotembea peku walikuwa na choa lakini nyayo zao zilikuwa salama. Waliopata taabu ya miguu ni askari na maofisa wa kikoloni waliokaa kutwa ndani ya buti na soksi nzito kwenye joto la nchi hizo. Waliporudi kwao, walirudi naye. Arthur Whitfield, daktari wa ngozi wa London, alipouandika ugonjwa huu mwaka 1908 aliuhesabu kuwa wa nadra. Zikafuata vita kuu mbili, mamilioni ya vijana wakavishwa buti na kuoga pamoja kambini, na ugonjwa wa nadra ukawa wa kila mtaa.

Kwa hiyo kiatu kina lawama, ingawa hakuna mwenye akili atakayemshauri mtu akivue kabisa. Kiatu humkinga mtu na misumari, na safura, na funza. Kinachotakiwa ni kuelewa mambo yanayotendeka ndani yake.

Fangasi wa miguu hula keratini, yaani ile protini ngumu inayounda tabaka la nje la ngozi pamoja na kucha na nywele. Tabaka hilo ni la seli zilizokwisha kufa. Fangasi hukaa humo kama mchwa kwenye fremu ya mlango, na kwa mtu mwenye afya haingii kwenye damu wala haendi kwenye mifupa. Muwasho na wekundu ni majibu ya mwili ulio hai chini yake. Wayo unamfaa sana: ngozi yake ni nene, ina tezi nyingi mno za jasho, na haina tezi za mafuta, ilhali mafuta ya ngozi yana asidi zinazowazuia fangasi. Mahali pabaya zaidi ni kati ya kidole kidogo na jirani yake, kwa sababu vidole hivyo vimebanana kiasi kwamba hewa haipiti.

Unyevu ndio unaoamua. Miaka ya 1950 watafiti wa New York waliokuwa na Rudolf Baer waliwatumbukiza watu wa kujitolea miguu kwenye maji yenye fangasi hai. Wengi hawakupata ugonjwa. Kukanyaga vijidudu hakutoshi, lazima vikute ngozi iliyolowa na kulainika, na vikae hapo kwa muda. Ndiyo maana mume anaweza kuugua miaka kumi huku mkewe wanayelala kitanda kimoja akiwa mzima. Mume anavaa raba za plastiki kiwandani kuanzia alfajiri, na mke anashinda na ndala.

Hii haimaanishi kwamba sakafu haina hatia. Huko Uskoti, James Gentles wa Glasgow alichunguza sakafu za mabafu ya pamoja na kuwapata fangasi hao wakiwa hai. Mwaka 1957 yeye na mwenzake walichapisha uchunguzi kuhusu wachimbaji wa makaa ya mawe. Wachimbaji walitoka shimoni wakiwa weusi kwa vumbi, wakaoga pamoja kwenye mabafu yaliyojengwa hapo mgodini, kisha wakaenda nyumbani wakiwa safi, huku wamewabeba fangasi. Mabafu yenyewe yalikuwa ushindi wa haki za wafanyakazi, na hakuna aliyetaka yafungwe. Kinachosambaza ni vipande vidogo vya ngozi vinavyobanduka mguuni. Ndani yake fangasi anaweza kudumu kwa miezi akimsubiri mguu mwingine wenye maji.

Afrika Mashariki ina mabafu yake ya pamoja: shule za bweni, kambi za jeshi, vyuo vya polisi, magereza, na sehemu za kutawadhia misikitini. Hili la mwisho linastahili kusemwa bila haya, kwani limefanyiwa utafiti. Mwaka 1998 madaktari wa Durban, Afrika Kusini, walichapisha matokeo ya kuwachunguza Waislamu wa mji huo, na wakaona kwamba fangasi wa miguu na wa kucha walikuwa wengi miongoni mwa wanaume wa jamii hiyo. Udhu wenyewe si tatizo. Kuosha miguu mara tano kwa siku, na kupitisha kidole kati ya vidole kama ilivyo sunna, ni usafi ambao daktari yeyote angeuomba. Kasoro huingia baada ya maji, pale mtu anapokimbilia safu miguu ikichuruzika, akasimama kwenye zulia walilokanyaga mia moja kabla yake, kisha akaingiza miguu hiyo mibichi kwenye soksi na viatu vya kufunga ili arudi ofisini. Kitambaa kidogo mfukoni, cha kupangusia kati ya vidole, kinavunja mnyororo huo wote. Wazee wa pwani walivaa mitalawanda, vile viatu vya mbao, wakiwa bafuni na kwenye birika la msikiti. Havikuwa na mahali pa kuhifadhi maji, na vilimwinua mtu juu ya sakafu. Kwa jambo hili walikuwa mbele ya wengi wanaovaa raba leo.

Ugonjwa una sura tatu. Ya kwanza, inayojulikana zaidi, hukaa kati ya vidole: ngozi huwa nyeupe na laini kama iliyolowekwa, hupasuka, huwasha na kunuka. Ya pili hufunika wayo mzima hadi pembeni kwa ukavu na magamba laini ya ungaunga, na wengi huishi nayo wakidhani ni magaga ya kawaida. Mara nyingine magamba hayo huonekana pia kwenye kiganja kimoja tu, kile anachojikunia mgonjwa, na miguu miwili pamoja na mkono mmoja ni ishara ambayo daktari wa ngozi haitilii shaka sana. Ya tatu huja na malengelenge kwenye unyayo. Kwenye ngozi nyeusi tusitarajie wekundu unaochorwa kwenye vitabu vya Ulaya. Rangi hugeuka kahawia iliyokolea au zambarau, na doa jeusi linaweza kubaki kwa miezi baada ya fangasi kufa. Wengi huendelea kujipaka dawa wakipigana na doa hilo ilhali ugonjwa umekwisha.

Si kila muwasho wa mguu ni fangasi. Kemikali za kuungia mpira na za kulainishia ngozi ya kiatu huwadhuru watu wengine, na alama inayobaki juu ya mguu hufuata umbo la kiatu au la ukanda wa ndala. Yapo maradhi ya bakteria yanayokaa kati ya vidole yaleyale, mojawapo likimulikwa kwa taa maalumu ya urujuanimno hung'aa rangi ya matumbawe mekundu. Ipo pumu ya ngozi. Kipimo cha fangasi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: ngozi hukwanguliwa kidogo, hutiwa tone la hidroksidi ya potasiamu linaloyeyusha keratini, na nyuzi za fangasi huonekana kwa hadubini ileile inayotumika kutafutia malaria. Zahanati yenye hadubini ina karibu kila kitu kinachohitajika, ila mtu wa kuagiza kipimo hicho ni adimu.

Sasa dawa. Whitfield yuleyule wa London aliacha marhamu iliyobeba jina lake: asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3. Ya pili hubandua ngozi iliyokufa, ya kwanza huzuia fangasi kukua. Inanata na inachoma palipo na mpasuko, na kasi yake ni ndogo. Lakini ni rahisi kutengeneza na bei yake ni ya chini, na kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani liliihesabu kuwa dawa muhimu. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha kufundishia magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, kile kinachojulikana pia kwa mafuta ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika wamepita hapo, na wakirudi wilayani kwao huwahudumia watu ambao daktari bingwa wa ngozi aliye karibu nao yuko mbali sana.

Krimu za kisasa zinapatikana hata kwenye maduka ya dawa muhimu vijijini. Klotrimazoli huharibu utengenezaji wa mafuta yanayoshikilia utando wa seli ya fangasi. Hupakwa mara mbili kwa siku, na kazi yake huchukua takriban wiki nne. Terbinafini hushambulia hatua ya mapema zaidi ya utengenezaji huohuo, na humuua fangasi badala ya kumdumaza, hivyo kwa ugonjwa wa kati ya vidole wiki moja mara nyingi hutosha. Bei yake kwa tyubu moja ni kubwa zaidi, lakini hesabu ibadilike: tyubu moja iliyomaliza kazi ni nafuu kuliko tatu zilizoachwa njiani.

Kuacha njiani ndiko kunakowashinda wengi. Muwasho hukoma siku ya nne au ya tano, mgonjwa hufunga tyubu akaiweka juu ya kabati, na fangasi waliobaki ndani ya ngozi nene huanza upya. Miezi miwili baadaye mtu huyohuyo anasema dawa za siku hizi ni feki. Dawa feki zipo, ni kweli. Hata hivyo, dawa halisi iliyotumika siku tano badala ya wiki nne nayo haina tofauti kubwa na feki. Krimu ipakwe kwenye mguu mkavu, ivuke mpaka wa ugonjwa kwa upana wa kidole kimoja hivi, na iendelee kwa muda ulioelekezwa hata kama ngozi inaonekana nzima.

Hatari kubwa kuliko uvivu huo ni tyubu yenye mchanganyiko. Madukani zimejaa krimu zinazounganisha dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali, na muuzaji huzipenda kwa kuwa mteja hupata nafuu usiku uleule. Nafuu hiyo ni ya steroidi: inauzima mwitikio wa mwili, muwasho unanyamaza, na fangasi anasambaa bila upinzani. Mwaka 1968 madaktari wawili wa Uingereza, Ive na Marks, walieleza jinsi choa iliyopakwa steroidi inavyopoteza sura yake hadi daktari akashindwa kuitambua. Leo jambo hilo si la vitabuni tu. India, ambako krimu za mchanganyiko zilitapakaa bila cheti cha daktari, umetokea mlipuko wa choa sugu inayofunika kiwiliwili na kinena. Fangasi anayeisababisha alipewa jina mwaka 2020, Trichophyton indotineae, na mara nyingi terbinafini haimgusi. Mwaka 2023 Marekani ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza, mjini New York.

Afrika Mashariki inapaswa kuisoma habari hiyo kwa makini, maana steroidi imezoeleka hapa kwa njia nyingine. Krimu zenye klobetasoli na betamethazoni hununuliwa ili kung'arisha uso, na ndizo zinazotiwa kwenye mkorogo. Nyumba yenye kopo la mkorogo haikosi mtu atakayejipaka pia kwenye muwasho wa vidole, kwa sababu mara ya kwanza ilimtuliza. Ngozi inakuwa nyembamba, inachanika, na fangasi yuko palepale.

Tiba za kienyeji za mjini nazo zina vituko vyake. Wapo wanaotia mafuta ya taa, wapo wanaoloweka miguu kwenye dawa ya kufulia nguo nyeupe, wapo hata wanaotumia maji ya betri. Mguu ulioungua kwa kemikali ni ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Siki iliyochanganywa na maji haina madhara makubwa, lakini haijathibitishwa kushinda krimu ya bei ndogo.

Vidonge vina mahali pake: ugonjwa uliofunika wayo wote, uliorudi mara nyingi, au ulioingia kwenye kucha. Historia yake ni ndefu. Griseofulvini ilitengwa kutoka kwenye ukungu mwaka 1939, ikakaa bila kazi hospitalini hadi 1958, pale Gentles yule wa mabafu alipoonyesha kwamba ukimlisha simbilisi mwenye choa dawa hiyo, anapona. Kwa kucha za miguu siku hizi terbinafini ya kumeza huchukua takriban wiki kumi na mbili, na hata hivyo si kila mtu hupona. Ukucha wa kidole gumba hukua polepole kiasi kwamba mpya huhitaji mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kukamilika. Atakayetegemea krimu juu ya ukucha ulionenepa anapoteza fedha, kwa sababu haipenyi. Ketokonazoli ya vidonge ni habari tofauti: mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walipendekeza isitishwe na wa Marekani wakaibana sana, kwa sababu ya kuharibu ini. Mtu akipewa vidonge hivyo dukani kwa ajili ya vidole vya miguu, avirudishe.

Kisha kuna kiatu chenyewe, ambacho wagonjwa wengi hawakitibu. Jozi mbili zinazovaliwa kwa zamu, ili kila moja ipate siku nzima ya kukauka, hufanya kazi kubwa kuliko poda. Asiyemudu jozi mbili atoe soli ya ndani, afungue kamba, akianike kiatu juani. Soksi zifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60 hivi, maana maji ya vuguvugu huwaacha fangasi hai, na zianikwe zikiwa zimegeuzwa ndani nje. Viatu vya mitumba vimevishwa miguu isiyojulikana kwa miaka, na anayevinunua kwenye masoko ya Karume au Gikomba afanye hayo yote kabla ya kuvivaa mara ya kwanza. Mguu ukaushwe mwisho, baada ya sehemu nyingine za mwili, au kwa taulo yake. Mwenye ugonjwa avae soksi kabla ya chupi, la sivyo chupi itapita kwenye vidole na kumpeleka fangasi kinenani.

Kwa watu wengi yote haya ni usumbufu. Kwa wachache ni mlango wa ulemavu. Mwenye kisukari ambaye neva zake zimekufa ganzi hahisi mpasuko kati ya vidole, na bakteria huingia hapo. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya wakiwa usingizini bila kuamka. Mguu wa aina hiyo hauwezi kusubiri muwasho umwambie mwenyewe kwamba kuna kasoro. Lazima utazamwe kwa macho kila jioni, kwa kioo kilichowekwa sakafuni ikibidi. Uvimbe, joto lisilo la kawaida au homa ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kundi la pili liko pwani: Tanga, Lindi, Mafia, Zanzibar, Kwale, Lamu. Ni watu wenye matende. Minyoo inayoenezwa na mbu imeharibu mishipa ya limfu, maji ya mwili hayarudi juu, na mguu umevimba. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba homa na maumivu makali yanayowaangusha kitandani mara kwa mara yanatokana na minyoo yenyewe. Gerusa Dreyer na wenzake mjini Recife, Brazil, walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba sehemu kubwa ya mashambulizi hayo ni bakteria wanaoingilia kwenye ngozi iliyopasuka, na mlango wa kawaida kabisa ni mpasuko wa fangasi kati ya vidole. Kila shambulio huacha mguu mkubwa kuliko ulivyokuwa. Mafunzo wanayopewa wagonjwa hao na jamaa zao ni haya: mguu uoshwe kila siku kwa sabuni ya kawaida na maji safi yasiyo ya moto, mikunjo na vidole vitenganishwe kimoja kimoja na kukaushwa kwa kitambaa laini bila kusugua, kisha krimu ya fangasi ipakwe palipo na mpasuko, na usiku mguu uinuliwe juu ya mto. Anayefanya hivyo hupata mashambulizi machache, na wengine hurudi shambani au baharini.